Saa tatu ya Addis Ababa

Zuhura: Babu, shikamoo. Shangazi, shikamoo. Nimerejea salama jana usiku, na kwa kuwa mlinitaka nisimulie yaliyonishangaza huko Ethiopia, naanza na lile lililoniaibisha. Siku yangu ya pili mjini Addis Ababa nilipatana na dereva anipeleke Makumbusho ya Taifa. Hatukuwa na lugha moja ya kutosha kuelewana, kwa hiyo aliandika namba 3 kwenye kikaratasi, akatabasamu, akaenda zake. Nami, kwa mazoea ya kudhani kwamba ukishavuka mpaka saa zote ni za Kizungu, nikaigeuza ile 3 kuwa saa tisa alasiri, nikalala nikijua kwamba asubuhi yote ni yangu.

Baraka: Dada, usitukatie hapo. Alikuja saa ngapi?

Zuhura: Alikuja saa tatu asubuhi barabara, nami nikashuka ngazi na kilemba cha kulalia kichwani. Kumbe Waethiopia huhesabu saa kama tunavyohesabu sisi: jua likishachomoza ndipo saa moja, mbili na tatu zinapoanza kuhesabiwa, na likizama hesabu inaanza upya. Nilikuwa nimetafsiri kitu ambacho hakikuhitaji tafsiri, tena mimi niliyezaliwa nacho.

Shangazi Rehema: Pole mwanangu. Natumaini hakukasirika.

Zuhura: Hakukasirika hata kidogo, Shangazi. Alininyooshea mkono nione saa yake, na hapo nikashangaa mara ya pili, maana mshale mfupi ulikuwa umesimama kwenye 3 yenyewe. Sisi tunatazama mshale ulioelekea 9 halafu tunatamka saa tatu, na hatuoni ajabu yoyote. Yeye alikuwa ameirekebisha saa yake isome kile anachokisema. Tahadhari moja tu kwa atakayekwenda: tiketi za ndege hufuata saa za kimataifa, kwa hiyo ukipewa muda, uliza ni wa hesabu gani.

Babu: Marahaba, Zuhura. Sioni ajabu kwamba hesabu hiyo imedumu kule. Addis Ababa iko takriban nyuzi 9 kaskazini ya ikweta, na mahali kama hapo jua halichezi sana na watu. Linachomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, hivyo kuanza kuhesabu kwenye mapambazuko kunafaa. Kwa watu wa kaskazini ya mbali, ambao mchana wao hurefuka na kufupika mno, isingewezekana. Sasa tueleze kuhusu kalenda, maana hapo ndipo nasikia wageni hupotea kabisa.

Zuhura: Nilipotea, Babu. Nilifika tarehe 8 Septemba 2025, nikalipia chumba katika nyumba ya wageni, nikapewa risiti iliyoandikwa 3/13/2017. Nikadhani karani amekosea mwezi na mwaka kwa pamoja, nikamrudishia kwa upole. Alicheka, akanirudishia ileile. Mwaka wao una miezi 12 yenye siku 30 kila mmoja, na siku zinazobaki hufanywa mwezi wa 13 uitwao Pagume, ambao una siku 5, au 6 kila baada ya miaka minne. Mimi niliingia nchini siku ya tatu ya Pagume. Ni mara yangu ya kwanza kuishi ndani ya mwezi ambao ungekwisha kabla sijafua nguo.

Baraka: Na huo mwaka 2017 umetoka wapi?

Zuhura: Kanisa lao lilibaki na hesabu ya kale kuhusu mwaka aliozaliwa Yesu, inayotofautiana na ile iliyoenea Ulaya. Ndiyo maana wako nyuma kwa miaka 7 au 8 kutegemea uko sehemu gani ya mwaka, na mwaka 2000 waliusherehekea Septemba 2007, wakati wengine tulikwisha kuusahau. Nilikuwapo walipoingia 2018, tarehe 11 Septemba. Mvua kubwa zilikuwa zikielekea ukingoni, na mabinti waliovaa nguo nyeupe walipita nyumba kwa nyumba wakiimba, mikononi wameshika maua ya manjano yaitwayo adey abeba.

Baraka: Basi mimi nikihamia huko narudi kidato cha kwanza. Sihami.

Shangazi Rehema: Nyamaza wewe. Zuhura, ulikula vizuri?

Zuhura: Vizuri mno, ingawa Jumatano niliagiza kuku nikaambiwa leo ni mfungo. Waumini wa Kanisa la Othodoksi hawali nyama, maziwa wala mayai kila Jumatano na Ijumaa, mbali na mifungo mirefu, kwa hiyo nililetewa dengu, kabichi na mboga za rangi zote zimepangwa juu ya injera, mkate wao mwembamba laini kama chapati. Mwenye nyumba akaikata kipande, akakikunja na kunitia kinywani kwa mkono wake. Huko kulishana hivyo huitwa gursha, na ni heshima. Nusura nimng'ate kidole kwa mshangao.

Babu: Na majina? Nimewahi kuelezwa kwamba hawana majina ya ukoo.

Zuhura: Ni kweli, Babu. Jina la pili ni la baba, la tatu ni la babu, na mke habadilishi jina akiolewa. Mtu huitwa kwa jina lake mwenyewe, hata akiwa mkubwa kiasi gani. Lakini niruhusuni nimalizie kwa kahawa, kwa sababu kuna jambo linalomhusu mmoja wetu.

Baraka: Naona nimeandamwa.

Zuhura: Kahawa wanaiita buna, na msikiaji wa Kiswahili lazima akumbuke buni. Chumbani walitandaza majani mabichi sakafuni, wakafukiza ubani, kisha mama mmoja akakaanga buni mbele yetu na kuupitishia kila mgeni moshi wake auvute, kabla hajatwanga na kuchemsha katika birika la udongo liitwalo jebena. Tulipewa bisi za kutafunia. Nikanywa kikombe changu kidogo kisicho na mkono, nikashukuru, nikataka kuondoka. Wote wakanitazama kana kwamba nimetukana. Kumbe mgeni mwenye adabu hungoja vikombe vitatu: cha kwanza huitwa abol, cha pili tona, na cha tatu baraka.

Shangazi Rehema: Baraka hiihii yetu?

Zuhura: Hiihii, kwa maana ileile. Wao huitamka bereka.

Baraka: Basi naomba itambuliwe rasmi katika ukoo huu kwamba bila mimi mgeni haruhusiwi kuondoka.

Babu: Zuhura, wanatia buni mpya kila raundi?

Zuhura: Hapana, Babu. Wanaongeza maji tu juu ya masimbi yaleyale.

Babu: Kwa hiyo cha tatu ndicho chepesi kuliko vyote.

Shangazi Rehema: Itambuliwe rasmi.