Tupeane uzoefu: maji taka na takataka kisiwani, nyie mnazimalizaje?

Mleta mada

Wakuu habari zenu. Naomba wanaoishi au waliowahi kufanya kazi kwenye visiwa vidogo tupeane uzoefu. Bara dampo likijaa hutafutwa eneo jingine. Kisiwani dampo, choo, kisima na ufukwe ni majirani, na hakuna pa kuhamia.

Mimi nipo kwenye kamati ya maji, kwa hiyo kinachoninyima usingizi zaidi ni kilicho chini ya ardhi. Maji ya visima vyetu ni mvua iliyozama ikakaa juu ya maji ya bahari, humohumo ndani ya mwamba. Hayazami kwa sababu maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi. Kwa hesabu inayotumika, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake. Mkivuta mno, chumvi inapanda. Mkimwaga uchafu juu, unashuka bila kuchujwa, kwa kuwa mwamba wa matumbawe umejaa nyufa na matundu. Ndiyo maana ile mita 30 ya kutenga choo na kisima, inayotajwa kila mahali, haitoshi kuaminiwa huku. Tumepima kisima kilicho mbali zaidi ya hapo na vijidudu vya kinyesi vikaonekana.

Wenzangu mmefanyaje?

Fundi karo

Mkuu umegusa penyewe. Nimejenga makaro miaka mingi, na tatizo ninaloitiwa mara nyingi ni hili: "karo limejaa, na tulilinyonya juzi tu." Huwa nauliza kwanza, leo ni bamvua? Kwenye visiwa vya chini, bahari ikijaa sana maji ya ardhini nayo yanapanda, shimo la kufyonzea linakosa pa kupeleka, uchafu unarudi chooni. Hapo hata ulinyonye kila wiki, hali ni ileile. Dawa ni kuinua: badala ya shimo refu, tandaza kifusi cha mchanga juu ya ardhi na upitishe mabomba yenye matundu humo, maji yapate mchanga wa kupita kabla hayajakutana na maji ya chini. Kimo cha kujengea kipime siku ya bamvua, si siku ya maji mafu.

Karo lenyewe liwe na vyumba viwili na sakafu isiyovuja. Kujua kama limefika wakati wa kunyonywa, chukua mti mrefu, uzungushie kitambaa cheupe kikuukuu, uuteremshe taratibu hadi chini, subiri kidogo, utoe. Pale palipoganda weusi ndipo tope lilipofikia. Tope pamoja na utando wa juu vikifika theluthi ya kina cha maji, ita gari. Wengi husubiri harufu, na wakati huo tope limeshahamia kwenye shimo la kufyonzea na kuliziba.

Nesi wa zahanati

Naongezea la afya. Watu wetu wanachemsha maji, na hilo ni jema, linaua vijidudu. Ila maji taka yanaleta pia kemikali iitwayo naitreti, na hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha sana inazidi, kwa kuwa maji yanapungua yenyewe inabaki. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Hatari kubwa ni kwa kichanga anayekorogewa maziwa ya unga: damu yake inashindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha vinageuka buluu. Tafadhali, nyumba yenye kichanga itumie maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri na kuchemshwa. Nawaambia akina mama wote wanaokuja kliniki.

Mdau wa vyoo vikavu

Fundi asante, lakini kwetu gari la kunyonya halipo kabisa. Tumekwenda na vyoo vinavyotenganisha mkojo na kinyesi, havitumii maji, kila ukimaliza unatia jivu. Vinafanya kazi. Kilichotusumbua ni wageni kutojua pa kukaa, mkojo ukiingia upande usio wake harufu inaanza. Picha ya maelekezo ukutani ilisaidia kuliko mikutano yote tuliyofanya.

Msimamizi wa dampo

Mmenisahau mimi wa taka ngumu! Jambo la kwanza: toeni mabaki ya chakula na majani, yaende kwenye mboji. Kwetu hilo peke yake lilipunguza mzigo kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, na moto wa dampo ukapungua. Plastiki msiichome, moshi wake una sumu.

La pili: boti. Zinakuja na shehena na kurudi tupu. Tumekubaliana na manahodha wabebe makopo yaliyobanwa na vyuma chakavu wakati wa kurudi. Kiribati, nchi ya visiwa huko Pasifiki, walikwenda mbali zaidi, waliweka amana kwenye makopo, chupa za plastiki na betri za magari: unailipia unaponunua, unarudishiwa ukirudisha, na kipande kidogo kinabaki kuendesha kazi. Maldivi walichagua njia nyingine, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 takataka zikafukiwa kwenye maji ya kina kifupi ya Thilafushi hadi yakawa nchi kavu, na moshi wake ulilalamikiwa miaka mingi. Mimi niko upande wa Kiribati.

Mleta mada

Ahsanteni sana. Msimamizi, betri mnaziweka wapi zikisubiri boti?

Msimamizi wa dampo

Chini ya paa, juu ya sakafu ya saruji yenye kingo, zikiwa zimesimama wima na asidi yake ndani. Kuna watu wanamwaga asidi ili betri iwe nyepesi kubeba. Kataeni hilo kabisa, madini ya risasi yakishafika kisimani hamtayatoa.