Old Yeller kwa watoto wa mtaa: tuonyeshe yote au tukate mwisho?

MwanaMkomani

Assalamu alaykum jamaa. Likizo hii ya Desemba tunataka kuwaonyesha watoto wa mtaa Old Yeller, ile filamu ya Disney ya 1957 ya kijana Travis na mbwa wake huko Texas. Watoto ni kama 40, wa miaka 6 hadi 12, na mahali ni ua mmoja hapa Mkomani, Lamu. Wazazi walioiona zamani hawasikilizani. Kuna wanaosema haijatengenezwa filamu ya watoto yenye adabu kuliko ile. Kuna wanaosema ni ukatili mtupu kumwonyesha mtoto kijana akimpiga risasi mbwa wake mwenyewe aliyeshikwa na kichaa cha mbwa, na kwamba projekta izimwe kabla ya hapo. Tukate au tuache?

Na mawili mengine: filamu ni ya Kiingereza, wadogo hawataifuata. Tena kaskazi imeshaanza kuvuma, na pazia letu ni shuka.

Langoni

Wa alaykum salaam. Msikate. Mkikata mtabaki na hadithi isiyo na kichwa wala miguu, maana kila kilichotangulia kinaelekea pale.

Angalieni ilivyofumwa. Baba anakwenda Kansas kuuza ng'ombe na kumwachia Travis nyumba, mama na mdogo wake Arliss. Mbwa anaingia kwa wizi, anakula nyama yao, na Travis anatishia kumpiga risasi. Baadaye dubu anamkabili Arliss na mbwa anamwokoa. Nguruwe mwitu wanamjeruhi Travis, mbwa anaingia kati mpaka naye anararuliwa vibaya. Anakuja mwenye mbwa, Sanderson, ambaye haki ni yake, naye anakubali kumwacha kwa mjusi wa pembe wa Arliss na mlo wa nyumbani. Kwa hiyo kijana aliyetaka kumuua kwa hasira siku ya kwanza ndiye anayeshika bunduki siku ya mwisho kwa kumhurumia. Ondoa hilo, mengine yote yanakuwa vituko vya mbwa tu.

Wala si kwamba risasi inamwangukia mtazamaji bila taarifa. Sanderson anaonya mapema kuhusu ugonjwa huo, na ng'ombe wao anaupata na kuuawa kabla ya mbwa. Mwongozaji, Robert Stevenson, amempa mtoto muda wa kujiandaa. Si bure kwamba 2019 Marekani iliiingiza katika orodha yake ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa.

BintiShela

Langoni, yote uliyosema ni ya mtu mzima anayetazama kwa mara ya pili. Mtoto wa miaka 6 haoni mfumo, anaona mbwa aliyempenda kwa saa nzima ameuawa na mtu aliyempenda. Alama ya G iliyowekewa Marekani, yaani ya watu wote, imewapoteza wazazi wengi. G inasema hakuna matusi wala uchi. Haisemi mtoto atalala vizuri usiku ule.

Hata mwisho wenyewe una kasoro. Baba anarudi karibu mambo yameshakwisha, anazungumza na mwanawe kidogo, anapokewa mtoto wa Yeller, na tunatakiwa tuamini kidonda kimeanza kufunga. Ni haraka mno. Mtoto anajifunza kwamba kipenzi akifa unapewa kingine.

Shauri langu: walio chini ya miaka 8 wasiwekwe hapo kabisa. Watafutieni Lassie Come Home ya 1943, dakika 89, mbwa anayerudi kwao salama. Kwa taarifa tu, mwalimu wa mbwa yule, Rudd Weatherwax, na Frank Weatherwax aliyemfunza Spike, mbwa wa Old Yeller, walikuwa ndugu.

TabibuWaMifugo, Malindi

Mabishano haya hurudi kila mara kwa sababu watazamaji wengi hawaujui ugonjwa wenyewe. Swali la kwanza la watoto litakuwa: kwa nini hakupelekwa kwa daktari? Mfasiri awe na jibu. Hadithi ni ya mwishoni mwa miaka ya 1860. Chanjo ya kichaa cha mbwa Pasteur aliitumia kwa mtu mara ya kwanza Julai 1885, kwa mvulana wa miaka 9. Kabla ya hapo hakukuwa na lolote. Hata leo, dalili zikishatokea, kwa mnyama au mtu, karibu hakuna anayepona.

Wapo wanaosema kumfungia Yeller kwenye ghala la mahindi ilikuwa kumtesa bure. Kinyume chake, hilo ndilo jambo sahihi zaidi kitabibu katika filamu nzima. Ameng'atwa na mbwa mwitu mgonjwa wakati mama na Lisbeth, binti wa jirani, wakichoma mzoga wa ng'ombe usiku. Virusi haviendi kwa damu, vinapanda taratibu kwa mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na kwa mbwa safari hiyo mara nyingi huchukua wiki mbili hadi miezi kadhaa. Siku atakayoonekana mzima haikwambii kitu. Katika kitabu cha Fred Gipson cha 1956 Travis anampiga risasi usiku uleule. Waliotengeneza filamu ndio waliotia kungoja, na kwa maoni yangu waliiboresha.

Kosa la kawaida hapa ni kuichanganya na ile karantini ya siku 10. Siku 10 ni za kumchunguza mbwa au paka *aliyemng'ata mtu*: akizipita akiwa mzima, hakuwa na virusi mateni siku ya kung'ata. Mnyama *aliyeng'atwa* na mgonjwa ni hesabu nyingine, ya miezi.

Kwa kuwa Lamu mbwa ni wachache, watoto watadhani hayawahusu. Waambiwe paka huambukiza pia, na punda hupata. Aking'atwa mtu: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, lisifungwe kwa nguvu, lisitiwe pilipili wala mafuta, kisha hospitali siku hiyohiyo. Sindano za misuli ni siku ya 0, 3, 7 na ya mwisho kati ya siku ya 14 na 28. Wengi huacha baada ya ya pili kwa kuona kidonda kimekauka, na kukauka kwa kidonda hakuhusiani na virusi hata kidogo.

MwalimuWaChuo

Neno moja dogo. Mwanzoni Arliss na mbwa wanarukia dimbwi ambalo nyumba inateka maji ya kunywa. Kwa Mmarekani ni kichekesho, kwa watoto waliosoma Safina, kile kitabu cha fiqhi, ni mshtuko, na kelele zitapigwa. Msizime. Waulizwe papo hapo: chombo alicholamba mbwa huoshwa mara ngapi? Watajibu saba, moja kwa udongo. Kisha wakumbushwe kwamba mbwa wa mifugo na wa ulinzi ana ruhusa yake, na Yeller ni huyo hasa. Dakika moja inatosha, filamu iendelee.

FundiMitambo

Nimesoma juu mkibishana kama kijana ni katili au la. Nitawaambia kitu cha fundi: mara nyingi jibu linategemea spika.

Tazameni ghala lile. Travis anampelekea mbwa chakula, na mbwa anamngurumia. Mngurumo ni wa chini, wa kifuani. Baadaye Arliss, asiyejua lolote, anataka kumfungulia mlango, na mama anauwahi. Sehemu kubwa ya ushahidi kwamba mbwa amebadilika iko katika sauti ile. Ukitumia spika ndogo ya mkononi au ya kompyuta, besi inapotea, watoto wanabaki kumwona mbwa yuleyule nyuma ya mbao, kisha wanasikia bunduki. Hapo lazima waseme kijana ni katili! Tumieni spika ya inchi 8 au zaidi, iwe chini ya picha, isiwekwe nyuma ya watoto.

Sababu hiyohiyo, mfasiri anyamaze. Maandishi ya chini hayafai, mtoto wa darasa la pili hayawahi. Mtu mmoja na maikrofoni, aitazame filamu mara mbili kabla, aseme kwa ufupi baada ya kila mazungumzo. Mtindo wa vibanda vya video, wa kusema bila kupumua na kutia mzaha, unafaa filamu za ngumi. Kuanzia mbwa anapofungiwa mpaka baada ya risasi asiseme zaidi ya sentensi tano. Jina aliache lilivyo, ila aeleze mwanzoni kwamba Yeller ni rangi ya manjano na pia ni mpiga kelele, kwa vile anavyobweka. Mkimwita Manjano mmepoteza nusu.

Pazia sasa. Kama ua una ukuta laini, acheni shuka kabisa, pakeni chokaa mikono miwili. Ukuta haupepei. Kama lazima iwe kitambaa, chukueni merikani mara mbili, maana ya tabaka moja inapitisha mwanga nyuma na picha inafifia. Pindeni ukingo, toboeni kila sentimita 30, fungeni juu na kandoni kwa kamba kwenye boriti mbili, na chini kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira unanyooka upepo ukipiga, kamba tupu hapo chini huchana kitambaa. Uso wa pazia usielekee kaskazini mashariki. Mkiuelekeza huko mmetweka tanga, na boriti zitawafuata watoto.

Picha ya upana wa mita 2.4 inatosha watu 40. Projekta ya kawaida yenye uwiano wa 1.5, yaani umbali ukigawanywa kwa upana wa picha, ikae mita 3.6 kutoka pazia. Mwangaza lumeni 3000, chini ya hapo matukio ya usiku yatakuwa weusi mtupu, na lile la mbwa mwitu ni la usiku. Ukingo wa chini wa picha uwe mita moja kutoka ardhini ili vichwa vya walioketi mkekani visizuie. Umeme ukikatika, projekta ya taa haiwaki tena mpaka ipoe, dakika kadhaa. Wekeni UPS, yaani betri ya akiba, ya 1000 VA katikati, spika na projekta zote zipite humo.

Anzeni saa mbili kamili, isha imeshaswaliwa na giza limeshika. Filamu ni dakika 83, mnamaliza saa tatu na dakika 23.

BintiShela

Hoja ya mngurumo naikubali. Ya umri siachi.

MwanaMkomani

Ahsanteni sana. Tumekubaliana hivi: wa miaka 8 kwenda juu wanaona yote bila kukata, na wadogo watawekewa Lassie mchana kwenye televisheni ndani. Ukuta upo lakini plasta yake ni ya zamani, ina mabonde.

FundiMitambo

Mabonde ya kidole kimoja hayaonekani filamu ikishaanza. Makubwa zaidi zibeni kwa chokaa na mchanga siku tatu kabla, la sivyo unyevu utaonyesha madoa katikati ya mbingu ya Texas. Na punda wa jirani wahamishwe usiku huo. Besi ya inchi 8 wataijibu.