Kujenga uwezo dhidi ya udanganyifu kwenye idara zetu: semina inatosha?

BintMachomane
Assalamu alaykum wenzangu. Mimi ni mkaguzi wa ndani, niko Pemba. Nimetakiwa niandike mpango wa kuwajengea uwezo watumishi wa idara kadhaa ili waugundue udanganyifu mapema. Rasimu niliyopewa niifuate inasema semina ya siku mbili Unguja, posho na vyeti. Siiridhii hata kidogo.

Sababu ni hii. Kuna gari la serikali lilikuwa karakana, limeshushwa injini, liko juu ya matofali. Wiki ile ile vocha za mafuta zenye namba yake zililipwa na idara mbili, kituo kimoja, mwandiko mmoja. Mkaguzi wa idara ya kwanza aliona vocha imekamilika: saini ipo, muhuri upo, fungu lina fedha. Wa pili naye vivyo hivyo. Kitabu cha safari za gari hakuna aliyekiomba. Wote wawili wamesoma na vyeti wanavyo, ila hawajawahi kukaa meza moja, na ofisi zao zinatazamana.

Waliowahi kuifanya kazi hii naomba waniambie: idara nyingi zinajengewaje uwezo kwa pamoja?

Mkaguzi Mstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Chukua jalada la kesi iliyokwisha, ficha majina, uliweke mbele ya mhasibu, afisa ununuzi, afisa utumishi na mkaguzi, kila mmoja wa idara yake. Waulize: hapa wewe ungeshituka wapi? Mhasibu ataona risiti za duka moja zina namba zinazofuatana lakini tarehe zimepishana miezi, kana kwamba duka zima halina mteja ila serikali. Afisa ununuzi ataona bei za makampuni matatu "yanayoshindana" zimeandikwa kwa kosa lile lile la herufi. Afisa utumishi atauliza kwa nini keshia hataki kwenda likizo. Kila mtu anaondoka na jicho la mwenzake. Fanyeni hivyo kila robo mwaka, Chake au Wete. Gharama yake ni nauli na chai.

Usisahau ripoti inakwenda kwa nani. Mkaguzi akiripoti kwa yule yule anayeidhinisha malipo, hata umfunze vipi atanyamaza. Kwa Pemba waone Maafisa Wadhamini, yaani wasimamizi wa wizara huku kisiwani, wote kwa pamoja. Wakikubali majalada yavuke mlango, kazi imeanza.

Mtu wa Mifumo
Mzee kasema kweli. Mimi naongeza kulinganisha orodha. Uingereza wana mpango unaoitwa National Fraud Initiative, tangu 1996. Taasisi za umma huleta orodha zao za mishahara na pensheni, zikalinganishwa zenyewe kwa zenyewe na pia na kumbukumbu za vifo. Humo ndimo anamoonekana marehemu anayeendelea kulipwa, au mtu mmoja mwenye mishahara miwili.

Sisi Zanzibar pa kuanzia tunapo. Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii unaandikisha vifo, na pensheni jamii inalipwa tangu 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea. Lakini tahadhari: jina kufanana si ushahidi. Akina Khamis Juma shehia moja wanaweza kuwa watano. Linganisha kwa namba ya kitambulisho, kisha sheha, kiongozi wa shehia, athibitishe, ndipo malipo yaguswe. Kumkatia bibi kizee pensheni yake naye yu hai ni dhulma.

Karani wa Wete
Nilikuwa masjala. Wa mwanzo kujua ni karani, dereva na mtunza ghala, na semina hatuitwi. Niliwahi kusema juu ya saruji iliyopungua ghalani, nikahamishwa. Kisiwa hiki kidogo. Ukisema asubuhi, jioni mke wa mkubwa yuko barazani kwa mkweo.

BintMachomane
Karani, nakuunga mkono. Ripoti ya 2024 ya ACFE, chama cha wachunguzi wa udanganyifu chenye makao Marekani, inaonesha visa 43 katika kila 100 viligunduliwa kwa taarifa ya mtu, na zaidi ya nusu ya watoa taarifa ni wafanyakazi wa humo humo. Ukaguzi wa ndani uligundua 14 tu. Kwa hiyo madereva na watunza ghala nawaingiza kwenye mpango, na wakae meza hiyo hiyo na wahasibu.

ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, ipo kwa ajili ya taarifa hizi, lakini nataka pia mtu wa karibu wa kuanzia. Wewe ungemwamini nani?

Karani wa Wete
Asiwe wa idara yangu, asimjue mkuu wangu, na jina langu lisiandikwe kwenye jalada. Na anirejeshee jibu, hata kama ni kuniambia hawakuona kitu. Mimi nilisubiri jibu la ile saruji mpaka nikastaafu.

BintMachomane
Hayo manne nayaandika kama ulivyoyasema. Jumatatu naupeleka kwa Maafisa Wadhamini.