Wakuu naombeni ushauri: Tukuyu siku 4, tuanze Ngosi au Matema?

Mtoto wa Tabata
Habari za jioni wakuu. Kuna safari ya Rungwe naipanga, watu kadhaa tu tunatoka hapa Dar, lengo kutembea msituni na kuona maziwa, tulikimbie kidogo hili joto na foleni. Kwenye listi nina Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu (lile la mwamba), Kijungu (pale Mto Kiwira unapopita kwenye mwamba kama chungu), maporomoko ya Kaporogwe, Ziwa Masoko, halafu Matema kule Kyela kuogelea. Siku ni 4. Tupande Ngosi kwanza ndio tushuke Kyela, au tuanze Matema watu wapumzike ndio wapande? Na pale Ngosi mtu anafika kwenye maji kabisa au mnaishia kuangalia kwa juu? Wakuu usiku silali, msaada wa haraka.

Mzee wa Kiwira
Ndaga, karibu nyumbani. Ngosi kwanza, miguu ikiwa bado mizima. Ukitokea Mbeya shuka Isongole, tafuta kijana wa pale akuongoze, bodaboda inakusogeza hadi msitu unapoanza, mbele ya hapo ni mguu. Mwanzo njia ni ya kistaarabu, mianzi, migomba pori, udongo mweusi. Mwishoni ndio unapanda kwa kushika mizizi. Ukitokeza ukingoni ziwa lote liko chini yako, urefu kama kilomita 2 na nusu, kijani iliyokolea, halina kelele yoyote. Wanaoshuka hadi majini wapo, ila ukuta umesimama na ukiteleza huna pa kujishikilia, wewe ishia juu. Mnaenda mwezi gani?

Mama Pilau Sinza
Matema jamani!! Umenikumbusha mbali. Mimi nilienda na marehemu mume wangu, maji ya Ziwa Nyasa masafi unaona vidole vya miguu, milima ya Livingstone imekusimamia mgongoni. Siku ya soko pale Lyulilo wanawake wa Kikisi wanaleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe, nikanunua kimoja kikubwa nikakipakata njia nzima. Konda anataka kiwekwe kwenye buti, nikamwambia mwanangu bora mimi ndio unitie kwenye buti. Mpaka leo maharage yangu nachemshia humo, kina alama ya kidole cha aliyekifinyanga karibu na mdomo. Usikose vyungu.

Kapuku Asiyechoka
Watu wa Dar mnapenda kujitesa. Pugu Kazimzumbwi hapo Kisarawe, msitu upo, bwawa la Minaki lipo, mapango ya popo yapo. Jioni uko kwako unakula chipsi mayai. Mbeya ya nini?

Mtoto wa Tabata
Asanteni sana. Mwezi tuseme hivi karibuni tu. Vipi pale Kijungu kuna sehemu nzuri ya picha kama watu ni wengi? Na kipunji tutamuona wapi, maana nimeshawaahidi.

Mzee wa Kiwira
Kipunji wewe! Huyo nyani wenyeji walimjua siku zote, wanasayansi wakamtangaza 2005, anakaa misitu ya Mlima Rungwe na ya Livingstone, juu kwenye miti mirefu, sio mnyama wa kuahidi watu. Na Kijungu kipo ndani ya eneo la chuo cha Magereza, unapita getini kwa adabu, usiende na spika. Sasa nijibu: "wengi" ni wangapi na "hivi karibuni" ni lini?

Binti Mzaramo
Nimekaa paleee. Funguka kaka.

Mtoto wa Tabata
Sawa wakuu. Ni Pasaka hii, mwezi wa 4. Tupo 26, wengine wa ofisini wengine wa kikoba cha mtaani. Hela wameshanitumia wote, kosta nimeshaitolea advansi na jamaa kasema hairudi. Na niliwaambia mimi mwenyeji kwa sababu mzee wangu ni wa Tukuyu, ingawa mimi nimezaliwa na kukulia hapa hapa Ilala na kule sijawahi kufika, ila asili ni asili, huo sio uongo. Mvua najua mtaisema, lakini hali ya hewa siku hizi imevurugika, Aprili ya sasa sio ile ya zamani, na isitoshe tisheti zimeshachapwa na tarehe.

Mzee wa Kiwira
Mvua haisomi tisheti mdogo wangu. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na mwezi wa 4 ndio inamwaga kweli kweli, kule chini Kyela ndio kabisa, mito yote inateremkia huko na mabonde yanajaa. Ngosi utapanda na matope hadi magotini, ukifika ukingoni unaangalia ukungu tu, ziwa humo humo ndani hulioni. Na Mto Kiwira ukijaa pale Kijungu usimsogeze mtoto wa mtu kwenye ule mwamba. Hii safari ni ya Julai mpaka Oktoba, mbebe masweta.

Ustaadh Temeke
Kwanza tuongelee amana. Umepokea hela za watu kwa jina la uenyeji ambao huna. Warudishie, aliyeridhia ndio abaki.

Dereva Mstaafu
Hajawapigia hesabu ya barabara. Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830, ongeza 70 na ushee hadi Tukuyu. Hapo Mikumi unatembea pole kwa ajili ya wanyama na vibao vya faini unavisoma kimoja kimoja, Kitonga unapanda nyuma ya malori ya Zambia na Kongo. Siku 4 zako, 2 zinaliwa na kosta. Mimi njia ile nimeendesha tangu vijana nyie hamjazaliwa, kuna usiku pale Ruaha Mbuyuni abiria alishuka kununua vitunguu tukamsahau, alitukuta Iringa amepanda lori la mbolea...

Kapuku Asiyechoka
Tisheti saizi XL imebaki?

Mpelelezi wa Kimara
Wakuu hii ni chai na haina hata sukari. Huyu huyu juzi kwenye uzi wa kuoa alisema kwao Bukoba na anauza simu Kariakoo. Leo kawa mtu wa ofisini na baba yake Mnyakyusa. Watu 26 wakutumie hela bila kujua hujawahi kufika? Tuwekee risiti ya kosta.

Mtoto wa Tabata
Bukoba ni kwa mama. Mtu ana pande mbili jamani. Na duka la simu lina ofisi. Risiti ina jina la mwenye kosta siwezi kuiweka.

Binti Mzaramo
Basi tuwekee tisheti 😂

Mzee wa Kiwira
Tusiende mbali. Nikikusalimia kwa Kinyakyusa "ugonile" unaniitikiaje?

Mtoto wa Tabata
Tusiletane ukabila humu.

Mpelelezi wa Kimara
Nimemaliza.

Ustaadh Temeke
Iwe chai isiwe chai, kikoba ni hela za mama zetu.

Mama Pilau Sinza
Mnamuonea. Na mimi marehemu alinidanganya anajua Mbeya yote, tulipotea tangu Uyole na tulifurahi.

Mzee wa Kiwira
Haya, kwa faida ya wengine watakaosoma. Ukilazimika kwenda Aprili futa Matema, lala Tukuyu mjini, toka asubuhi mapema kabla mvua haijaanza. Kaporogwe maji yatakuwa mengi, hapo mvua ndio inakufaidisha, ila kwenye lile pango nyuma ya maporomoko msiingie. Masoko gari inafika karibu na ziwa, na jengo la Wajerumani lipo pale pale, hata wa kikoba wenye magoti mabovu watafika. Ngosi waende wenye nguvu tu, asubuhi ikiwa nyeupe. Buti za mpira na makoti ya mvua, kila mtu na lake.

Mtoto wa Tabata
Makoti ya watu 26 bajeti imeshafungwa mkuu, nilifikiria mifuko mikubwa ya plastiki ya kujifunika.

Dereva Mstaafu
Ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 2019, utaishia kulipa faini na mvua ikunyeshee.

Mtoto wa Tabata
Ok nimewaelewa, Matema naiondoa. Shida tisheti nyuma zimeandikwa Matema kwa herufi kubwa.

Kapuku Asiyechoka
Vaeni ndani nje.