Kunakiliana si ushahidi! Nimechoka na "kurasa zote zinasema hivyo"

Wadau, leo nina hasira na sifichi. Tuko kikundi hapa Malindi, tunaandaa maelezo ya historia ya mji kwa wageni na wanafunzi. Tumefika kwa Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa Aprili 1498, akapewa rubani na mfalme wa Malindi, na Mei akafika Calicut, India. Rubani huyo nani? Kila mtu anainua simu: Ahmad ibn Majid, yule baharia Mwarabu mashuhuri! Ukiuliza kasema nani, unajibiwa "kurasa zote zinasema hivyo."

Zifungueni basi mzisome! Sentensi ni ile ile, hata koma imekosewa pale pale. Nyingi hazina mwandishi wala tarehe, ni za watu wanaouza vyumba vya hoteli. Mmoja kaandika, wengine wamebeba, nanyi mnawahesabu kama mashahidi.

Habari yenyewe ina chimbuko linalojulikana. Aliyemtaja Ibn Majid ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwandishi wa Makka, miongo kadhaa baada ya safari. Tena anadai baharia huyo alileweshwa ndipo akaionyesha njia! Hilo mbona hamlinakili? (Halipendezi kwenye bango la watalii, najua.) Mwanahistoria Mreno João de Barros, naye wa baadaye, anamtaja Mgujarati aitwaye Malemo Caná. Na shajara ya mtu aliyekuwamo safarini inasema tu kwamba mfalme alileta rubani Mkristo, jina hakuna. Hata huo Ukristo una walakini, maana Wareno wale walikuwa wakiwaona Wahindu wakidhani ni Wakristo wenzao.

Basi hapo ndipo pa kufanyia kazi: nani alikuwapo, nani alisikia, nani aliandika lini na kwa faida ya nani. Mzee mmoja wa kikundi ananiambia, "Mwanangu, unabishana na dunia nzima." Kwa heshima zote mzee wangu, dunia nzima haikuwamo chomboni.

Kilichoniudhi zaidi, rasimu imeshapelekwa kwa mchapishaji na jina la Ibn Majid limekolezwa wino, hata neno "inasemekana" limefutwa eti linapunguza ladha!

Mwenye tafsiri ya al-Nahrawali au ukurasa wa Barros auweke hapa, tuusome pamoja kabla mashine haijaanza kuchapa. Mwenye kiungo cha blogu ya safari asijisumbue.