Wazazi wanatua Frankfurt kwa viza ya siku 60: naomba mwongozo wa mpakani, mizigo na treni

Mpanga_Safari

Habari wakuu. Baba na mama wanakwenda kumtembelea dada yangu Würzburg, Ujerumani. Viza wameshapata, zote mbili aina C: zinaanza 1 Juni hadi 14 Agosti, siku 60, kuingia mara moja. Ndege inapitia Amsterdam na wanatua Frankfurt Jumamosi 6 Juni saa 12:40 jioni. Kurudi ni 6 Agosti kwa njia ileile. Dada atakuwa zamu ya jioni siku hiyo, hivyo treni ya kwenda Würzburg watapanda wenyewe. Kiingereza wanakisikia kidogo, Kijerumani hawakijui kabisa.

Naomba kujua: pasipoti zinagongwa wapi, Amsterdam au Frankfurt? Waonyeshe karatasi gani? Mama anataka kubeba dagaa, samli, maembe na nyama ya kukausha, je vitapita? Na treni inapandwaje?

---

Dirisha_la_Tatu

Kabla ya yote, shughulikia tiketi ya kurudi. Hiyo tarehe 6 Agosti itawaletea shida.

Kwenye stika ya viza kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. VOM na BIS ni dirisha la tarehe ambazo viza inaweza kutumika. DAUER DES AUFENTHALTS ni idadi ya siku wanazoruhusiwa kukaa ndani ya dirisha hilo. Ubalozi kwa kawaida huongeza siku 15 za ziada kwenye dirisha ili msafiri akisogeza safari asikwame, ndiyo maana siku 60 zimepewa dirisha la siku 75. Hizo 15 si za kukaa.

Siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka pia. Wakiingia 6 Juni, Juni inakula siku 25, Julai 31, jumla 56. Zinabaki nne, kwa hiyo siku ya mwisho ni 4 Agosti. Wakitoka tarehe 6 wamezidisha siku mbili, hata kama viza inasomeka 14 Agosti. Na kwa kuwa wanatokea Amsterdam, kinachoangaliwa ni siku wanayopita ukaguzi wa pasipoti Amsterdam, si siku wanayoondoka Frankfurt. Ndege ya usiku inayowalaza Amsterdam hadi kesho yake nayo inakula siku.

Zamani mtu aliweza kutegemea afisa asihesabu mihuri. Sasa kuna mfumo wa EES, ulioanza 12 Oktoba 2025, unaosajili kuingia na kutoka kwa kompyuta na kuhesabu siku wenyewe. Siku zilizozidi hubaki kwenye kumbukumbu, na ombi la viza lijalo litaulizwa habari zake. Badilisha tiketi iwe 4 Agosti au kabla, na mimi ningewaacha na siku mbili tatu za akiba, maana ndege huahirishwa. Kuongezewa muda wakiwa kule ni kwa sababu nzito tu, kama ugonjwa, na lazima waombe ofisi ya wageni ya mji kabla siku hazijaisha. Bei ya tiketi haihesabiki kuwa sababu.

Kuingia mara moja maana yake wakitoka eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza hii moja, viza imekwisha. Vienna au Paris wanaweza kwenda na kurudi, London hapana. Na wakivuka mpaka kwa basi au treni, pasipoti halisi iwe mfukoni, si picha kwenye simu, kwani tangu 16 Septemba 2024 Ujerumani inakagua kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu.

---

Geti_F

Najibu la Amsterdam. Ukaguzi wa pasipoti unafanyika pale unapoingia Schengen kwa mara ya kwanza, yaani Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam. Frankfurt watashuka kama abiria wa ndani na kutembea moja kwa moja hadi kwenye mkanda wa mizigo. Viza kutolewa na Ujerumani na kuingilia Uholanzi si tatizo, mradi Ujerumani ndiyo safari yenyewe.

Sasa angalia muda kati ya ndege mbili. Foleni ya pasipoti zisizo za Umoja wa Ulaya huwa ndefu asubuhi ndege za mabara zinapotua pamoja, na EES imeongeza hatua ya kupigwa picha ya uso. Alama za vidole walishatoa wakati wa kuomba viza, hivyo hazisajiliwi upya, ila wanaweza kuambiwa waweke kidole ili kulinganisha. Saa moja kati ya ndege ni kamari. Saa mbili na nusu ndipo ningetulia.

Afisa ana haki ya kuuliza upya yale yote yaliyoulizwa ubalozini, kwa sababu viza haimlazimishi kukuruhusu kuingia. Karatasi zisiwekwe kwenye begi kubwa. Kila mmoja awe na bahasha yake mkononi, si baba kushika za wote wawili:

- tiketi ya kurudi, yenye tarehe iliyorekebishwa
- barua ya mwaliko yenye anwani kamili ya Würzburg na namba ya simu ya mwenyeji
- nakala ya Verpflichtungserklärung, ile karatasi ya dhamana ambayo dada yako aliisaini ofisi ya wageni, kama ndiyo iliyotumika kuombea viza
- cheti cha bima ya matibabu, kiwango kisichopungua euro 30,000, na tarehe zake zifunike safari yote
- uthibitisho wa pesa: kadi, taarifa ya benki au taslimu

Majibu yawe mafupi na yafanane: tunakwenda kwa binti yetu, Würzburg, tunarudi tarehe fulani. Wazee wengi hukwama pale wanapoanza kueleza ukoo mzima. Waandikie sentensi tatu za Kiingereza kwenye karatasi, wampe afisa asome.

Halafu asije mtu akawauzia ETIAS, kibali cha kuingia kinachoombwa mtandaoni. Ile ni ya raia wasiohitaji viza. Mwenye stika kwenye pasipoti haimhusu.

---

Zulia_la_Forodha

Mizigo ya mama: nyama ya kukausha hairuhusiwi, samli hairuhusiwi. Umoja wa Ulaya unazuia nyama na maziwa, na vyote vinavyotokana navyo, kutoka nje, hata gramu mia, kwa hofu ya magonjwa ya mifugo. Kupika, kukausha au kufunga kiwandani hakubadilishi kitu. Vinachukuliwa na kuteketezwa, na asiyetamka anaweza kupigwa faini.

Dagaa wanapita. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu. Wafunge mara tatu kwenye mifuko mizito, si kwa ajili ya forodha bali kwa ajili ya nguo zao. Asali na mayai, hadi kilo 2 kwa mtu.

Maembe yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya kilimo ya nchi mlikotoka. Bila hicho yanaishia pipani. Matunda yaliyosamehewa cheti ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Mboga mbichi, mbegu za kupanda na miche ni sheria ileile ya maembe. Viungo vilivyokaushwa, majani ya chai na unga wa mahindi kwa matumizi yao havina shida. Mirungi asithubutu mtu. Ujerumani inahesabiwa dawa ya kulevya, na hapo hawazungumzi na forodha tena, ni kesi ya jinai.

Zawadi na bidhaa nyingine: thamani hadi euro 430 kwa kila mtu anayekuja kwa ndege. Kitu kimoja cha euro 700 hakigawanywi kati ya baba na mama, kinatozwa chote. Pesa taslimu zikifika euro 10,000 kwa mtu mmoja lazima zitamkwe kwa maandishi. Mlango wa kijani ni kwa asiye na cha kutamka, mwekundu kwa mwenye nacho. Akiwa na shaka apite mwekundu aulize, kuuliza hakutozwi.

Watakaguliwa mizigo yote Amsterdam, wajiandae kufungua.

---

Geti_F

Hapo mwisho nakurekebisha, mkuu. Forodha ya Amsterdam inahusika na begi la mkononi. Mzigo mkubwa uliopewa lebo ya hadi Frankfurt unakaguliwa Frankfurt, uwanja wa mwisho ndani ya Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo embe lililo kwenye mkoba wa mama litasimamishwa Schiphol, na samli iliyo kwenye sanduku Frankfurt.

---

Zulia_la_Forodha

Sawa kabisa, nimekubali.

---

Mpanga_Safari

Asanteni sana. Tiketi nimeshawapigia, wanaisogeza hadi 1 Agosti. Samli na nyama vimebaki nyumbani, mama amenuna. Nimebakiza treni. Naona kwenye mtandao tiketi za bei ya chini kabisa za ICE, treni ya mwendo kasi, saa 1:50 usiku, ninunue?

---

Behewa_21

Usinunue hiyo. Bei za chini, Sparpreis na Super Sparpreis, zimefungwa kwa treni moja tu. Ndege na treni ni mikataba miwili tofauti, hivyo ndege ikichelewa, tiketi ya treni imekufa na Super Sparpreis hairudishiwi pesa. Kutua saa 12:40 hadi treni ya 1:50 ni dakika 70, na mkanda wa mizigo peke yake unaweza kuzila nusu. Chagua Flexpreis, inapanda treni yoyote ya siku hiyo kwenye njia hiyo. Ni ghali zaidi lakini hamna presha. Ukitaka nafuu kwa nguvu zote, chagua treni ya saa tatu kasoro au zaidi. Kiti hununuliwa kando ya tiketi. Kwa wazee wenye mabegi manne Jumamosi jioni ningelipa, ila kiti nacho ni cha treni moja.

Vituo vya treni uwanjani Frankfurt ni viwili, na vyote viko upande wa Terminal 1. Wakitua terminal nyingine kuna usafiri wa bure wa kuwaleta. Regionalbahnhof, njia namba 1 hadi 3, ni wa treni za mjini na za mkoa. Fernbahnhof, njia 4 hadi 7, ndio wao. Wafuate maandishi hayo, si picha ya treni peke yake, maana picha inaelekeza kote.

Mtego mkubwa kuliko yote: ubao wa treni unaandika mwisho wa safari. Würzburg huiona kwa maandishi madogo tu. Treni nyingi zitasomeka München, na kuna München za kupitia Würzburg na Nürnberg, na kuna München za kupitia Mannheim na Stuttgart. Ukipanda hizo za pili umekwenda kusini na Würzburg huioni. Wakariri namba ya treni, ICE na tarakimu zake, wailinganishe na ubao kabla ya kuinua mguu. Mwandikie baba kwa herufi kubwa: namba ya treni, njia, behewa, na saa ya kufika. Aandikiwe kwa saa 24 kama zilivyo ubaoni, 20:50 na si saa 2:50, la sivyo atasubiri treni iliyokwishaondoka.

Jukwaa limegawanywa kwa herufi kuanzia A. Namba ya behewa inaonyeshwa itasimama kwenye herufi gani. Wasimame hapo mapema, treni haikai. Njia ikibadilishwa dakika za mwisho hutangazwa kwa Kijerumani haraka haraka, basi macho yabaki kwenye ubao. Safari ni kama saa moja na nusu, washuke Würzburg Hbf, yaani kituo kikuu.

Treni ikitabiriwa kufika kwao kwa kuchelewa dakika 20 au zaidi, hata tiketi ya Sparpreis inafunguliwa na wanaweza kupanda nyingine. Ikichelewa kufika dakika 60 wanadai asilimia 25 ya nauli, dakika 120 asilimia 50, na dai lipelekwe ndani ya miezi mitatu.

---

Mpanga_Safari

Na ile Deutschlandticket ya mwezi? Si ingewafaa kwa siku zote?

---

Behewa_21

Kwa mabasi, tramu na treni za mkoa, ndiyo. ICE na IC, zile treni za masafa marefu, haiingii. Bei ni euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026, haiazimishwi, na ni ya mwezi wa kalenda: ukianza tarehe 6 inakwisha tarehe 30. Pia ni mkataba unaojirudia wenyewe, lazima uukate kabla au ifikapo tarehe 10 ya mwezi unaotaka uwe wa mwisho. Wageni wengi wanarudi kwao na akaunti inaendelea kukatwa. Kama wazee watakaa nyumbani na kutoka mara moja moja, tiketi za kawaida zinatosha.

Hakuna mageti ya kuingilia, usifikiri ni bure. Wakaguzi hupanda wakiwa na nguo za kiraia, na asiye na tiketi halali hulipa euro 60. Miji kama Berlin na München tiketi ya karatasi ina lazima ya kugongwa kwenye kisanduku kabla ya kuanza safari, isiyogongwa ni sawa na hakuna.

---

Dirisha_la_Tatu

Naongeza machache. Wanafika Jumamosi usiku na Jumapili maduka yamefungwa, na Bavaria, jimbo iliko Würzburg, hata siku za kazi mengi hufunga saa 2 usiku. Dada ajaze friji mapema. Panadol na dawa nyingine za maumivu huuzwa Apotheke, yaani duka la dawa, tu, na Jumapili ni Apotheke ya zamu, ambayo huandikwa mlangoni mwa zile zilizofungwa. Dawa zao za presha na sukari waje nazo za safari nzima, kwenye pakiti zake na barua ya daktari, kwenye begi la mkononi.

Laini ya simu haisajiliwi bila pasipoti. Waende dukani nayo, kwa sababu usajili wa video mtandaoni haukubali pasipoti za nchi zote. Na wasitegemee simu isiyo na laini kwa dharura: tangu 2009 Ujerumani namba 112 haipigiki bila laini ndani ya simu. 110 ni polisi. Daktari wa usiku kwa ugonjwa usio wa kufa na kupona ni 116117.

Mashine ya pesa ikiwauliza kama wanataka kukatwa kwa sarafu ya kwao, wakatae na kuchagua euro. Chupa zenye amana ya senti 25 wasizitupe, supamaketi ina mashine ya kuzirudishia. Na adapta ya pini mbili za duara kwa chaja zao, umeme ni volti 230.