Upton Sinclair: kiisha La Jungle nisome gani?

Wa Katuba: Bandugu jambo. Nimemaliza La Jungle, roman ya Upton Sinclair, mwandishi wa Marekani, ile ya 1906, ya Jurgis mwenye anatoka Lituania anaenda kutumika kwenye abatwari za Chicago, usiku sikulala. Aliandikaka bitabu kupita 80, sasa nikamate gani?

Yaya wa Ruashi: Mdogo yangu, King Coal, 1917. Hal Warner ni mtoto wa tajiri, anaficha jina anaingia kwenye mine ya makaa kule Colorado, na kile kinaniuma ni habari ya kilo: mchimbaji anajaza kigari, kampuni inapima yenyewe, inaandika kidogo, bachimbaji banaomba tu kuweka mtu wao kwenye balansi, bosi anakataa. Mimi nilichimbaka. Mfuko tulibeba wawili migongo ikilia, mnunuzi anaweka kwenye balansi yake anasema kilo 30. Ukurasa ule nilisoma mara tatu.

Mama Mwalimu, Kenya ya Lubumbashi: Mtoto wangu, usisahau Oil! ya 1927, petroli ya California. Tena Dragon's Teeth, Ujerumani ya wakati wa Hitler, ilipata Pulitzer, ile zawadi ya bitabu ya Marekani, 1943, utasema ni mwandishi mwingine. Anahubiri sana, ni kweli, mwisho wa La Jungle ni hotuba za ujamaa tu, lakini mimi namupenda vile, alitaka batu baone mfanyakazi, Marekani ikaona nyama chafu, sheria ya kukagua nyama ikatoka mwaka uleule, mfanyakazi akabaki palepale.

Wa Katuba: Aksanti mama, aksanti yaya. Naanza na King Coal, mwenye iko nayo kwa kifaransa aniambie, nitamurudishia.